Jina la Mzee Kwenye Seva ya Ng'ombe

Nilipohamia Tukuyu nilikuwa na masweta mawili ya mitumba, cheti cha kompyuta cha miezi tisa kutoka Dar es Salaam, na kiburi kisichokuwa na cheti. Mimi ni mtu wa Singida, nimezoea jua na vumbi. Tukuyu mvua ilinipokea stendi, ikanisindikiza hadi chumba nilichopanga, na shati nililofua Jumapili ya kwanza lilikauka Jumapili ya pili. Hata hivyo nilipapenda haraka. Maziwa yalikuwa mengi, ndizi zilikuwa nyingi, na kazi yangu ilikuwa ya kompyuta, neno ambalo miaka ile ukilitaja tu watu walikupisha njia.

Nilikuwa nimeajiriwa na mradi wa ng'ombe wa maziwa. Serikali ilikuwa imejitoa kwenye mambo mengi, mabwana mifugo wamepunguzwa kazini, majosho yamekauka, kila mtu anaambiwa soko huria litamwonyesha njia. Pale serikali ilipotoka, wafadhili waliingia. Utaratibu wa mradi wetu ulikuwa rahisi: mkulima anapewa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, anamtunza, na ndama jike wa kwanza anampa jirani aliye kwenye foleni. Jirani naye hufanya vivyo hivyo, na ng'ombe wanazidi kusambaa kijiji hadi kijiji.

Ofisini tulikuwa wachache. Meneja alitoka Kilimanjaro, mpole wa sauti lakini si mtu wa kurudia neno. Karani wa kumbukumbu alikuwa mama kijana ambaye mumewe alikuwa muuguzi hospitalini Igogwe. Mama huyo alikuwa bado kwenye miezi yake ya majaribio, na meneja alipaswa kuamua mwisho wa mwezi kama atamthibitisha kazini. Halafu kulikuwa na mzee, bwana mifugo wa zamani aliyepunguzwa serikalini, mtu wa Kinyala, upande ule ule wa Igogwe, ambaye mradi ulimchukua kuwa mshauri. Alikuja kila Alhamisi na viatu vya mvua vilivyooshwa vikang'aa. Kumbukumbu za kila ng'ombe tangu mradi uanze aliziandika yeye: mama yake nani, alizaliwa na dume gani, yuko banda la nani. Mimi na meneja tulikuwa watu wa kuja. Wenyeji walikuwa hao wawili, na jambo hilo sikulitilia maanani hata kidogo.

Seva ya ofisi, yaani ile mashine kuu inayotunza mafaili ya wote na kuyafikisha kwenye kila meza kwa waya, ilifungwa na mzungu wa kujitolea aliyeondoka kabla sijafika. Aliweka humo mfumo wa bure uliokuja kwenye sidii, akafungua akaunti moja tu ya kazi, akaipa jina la mzee. Nadhani alifanya hivyo kwa heshima. Mafaili yote ya ng'ombe yakawa mali ya mzee, na kompyuta za mezani zikakaririshwa jina lake na neno lake la siri. Mtu alibofya mara mbili akaingia, wala hakujua ameingia kama nani.

Mashine hiyo ilikuwa imechoka. Unyevu wa Tukuyu ulikuwa umeila, feni yake ilikoroma, na umeme ulipokatika ilichukua nusu saa kuamka. Mradi ukaleta seva mpya kutoka Dar. Meneja akaniambia nihamishe kila kitu Ijumaa na Jumamosi, kwa sababu Jumamosi inayofuata ilikuwa siku ya kukabidhi mitamba pale Mpuguso, na orodha ingetoka kwenye mafaili hayo. Orodha ile haikuwa ya majina tu. Karani alitakiwa aangalie dume la kila kijiji, ili mtamba asipelekwe mahali ambapo dume atakayempanda ni baba yake mzazi. Meneja aliongeza, karani akiwa anasikia, kwamba kwa orodha hiyo ndipo atakapoona kama kazi anaiweza.

Nilihamisha kwa mbwembwe. Jumamosi mchana kila faili lilikuwa upande wa pili, nikafunga ofisi nikaenda kula ndizi na nyama nikijiona mwanamume.

Jumatatu karani alibofya, kioo kikamwambia hana ruhusa. Nikajaribu mezani kwangu, nami nikaambiwa sina ruhusa ya kubadili kitu. Nikaenda kwa meneja. Kwake kila kitu kilifunguka, hata mafaili ya chanjo ambayo hajawahi kuyaona tangu azaliwe. Alinitazama kwa huruma ya mtu asiyeona tatizo.

Ilinichukua siku nzima kuelewa, na nilipoelewa nilijipiga kofi la paji la uso. Mashine zile haziandiki kwenye faili jina la mwenye mali, zinaandika namba yake. Kwenye seva ya zamani namba moja alikuwa mzungu na namba mbili alikuwa mzee. Kwenye seva mpya namba moja nilijipa mimi, namba mbili nikampa meneja, tatu karani. Ni sawa na muuguzi aliyehamisha wagonjwa wodi mpya kisha akagawa dawa kwa namba za vitanda vya wodi ya zamani. Ng'ombe wote wa mzee walikuwa wamehamia kwa meneja.

Kuna amri moja fupi ambayo humfungulia kila mtu kila kitu. Kila fundi mvivu anaijua, na siku hiyo vidole viliniwasha. Sikuitumia. Nilifundishwa kwamba mali ina mwenyewe, na nilikuwa na umri wa kuamini kila nilichofundishwa. Jumanne asubuhi nikamfungulia mzee akaunti kwenye seva mpya, nikaandika mstari mmoja wa kumrudishia mafaili yake yote, nikayaona yanageuka moja baada ya jingine hadi mwisho wa kioo. Raha niliyoipata ni ya kweli, na sioni haya kuisema.

Kwenye seva mpya kompyuta za mezani zilikuwa bado hazijakaririshwa jina la mzee, kwa hiyo sasa zilikuwa zinauliza jina na neno la siri. Nikaandika vyote viwili kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikaibandika kwa selotepu pembeni ya kioo cha karani, nikamwambia aandike hivyo hivyo na ataingia.

Aliitazama karatasi kidogo tu, akaangalia pembeni. Akaniuliza kwa upole kama haiwezekani ifunguke yenyewe kama ile ya zamani. Nikamhubiria. Nilimweleza habari za usalama, wezi wa habari na ulimwengu unavyokwenda, na nikamaliza kwa kusema kwamba kubofya bila kujua unabofya nini ni kufanya kazi kama roboti. Aliitikia kwamba amesikia, kaka.

Mchana nikamuuliza kama imefunguka.

"Bado, kaka."

Karatasi haikuwepo kwenye kioo. Niliikuta chini ya kibodi, imekunjwa mara mbili. Nikaibandika tena, safari hii kwa selotepu nyingi. Nikarudi kwenye seva kutafuta kosa. Nilikagua ruhusa za folda, maana faili laweza kuwa wazi na mlango wa folda ukawa umefungwa. Nilikagua kama ni herufi kubwa na ndogo. Nilibadilisha waya. Nilijaribu kwa jina la mzee kutoka mezani kwangu, ikafunguka. Nikajaribu kutoka kwa meneja, ikafunguka. Jioni nikauliza tena, na jibu likawa lile lile. Karatasi ilikuwa imerudi chini ya kibodi.

Jumatano asubuhi niliamka nimejaa hasira. Ndipo nikakumbuka kwamba seva ina shajara yake. Huandika kila anayebisha hodi: nani, saa ngapi, kutoka meza ipi, kama alikaribishwa au alifukuzwa. Niliifungua nikasoma siku nzima ya Jumanne. Mimi nilikuwemo mara nyingi hadi aibu. Meneja alikuwemo. Kutoka mezani kwa karani hapakuwa na hodi hata moja. Hakuwa amekosea neno la siri, wala hakuwa amefukuzwa. Hakuwa amejaribu.

Leo ningesimama, nikapiga hatua nne, nikamuuliza. Siku ile nilipiga chapa ripoti. Nikamwandikia meneja kwamba kasoro ya ruhusa imerekebishwa tangu Jumanne, kwamba kwa ushahidi wa mashine karani hajajaribu kuingia hata mara moja, kwamba huondoa maelekezo anayopewa, na kwamba kila Alhamisi hutoweka mezani kwake saa nzima au zaidi bila ruhusa. Hilo la mwisho nilikuwa nimeliona kwa macho yangu. Kila mara mzee alipoingia, karani alijitanda kitenge kichwani akatoka mlango wa nyuma, na nilikuwa nimeamua kwamba anakwepa kufundishwa.

Meneja alisoma, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema mashine haisemi uongo. Akamwita karani, akamwambia orodha iwe mezani kwake Ijumaa saa sita mchana, la sivyo miezi ya majaribio itaishia hapo. Karani alirudi mezani kwake amekaza uso, akachukua kalamu, akaenda stoo. Nikajiambia atajijua mwenyewe. Ila chakula cha mchana siku hiyo hakikupanda.

Alhamisi mzee aliingia na mvua nyembamba ile ya Tukuyu ambayo wenyeji hawaiiti mvua. Karani alijitanda, akapita mlango wa nyuma. Nikamwekea mzee chai, na kwa kuwa ulimi haukuwa na breki nikamwambia kwa mzaha kwamba sijui amemfanya nini yule mwanafunzi wake, kila akimwona anakimbia.

Mzee hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Yule ni mke wa mwanangu," alisema.

Nilibaki na kopo la sukari mkononi. Akanieleza bila kunionea haya, kwa Kiswahili chake cha taratibu. Kwao mkwe wa kike humwogopa baba mkwe. Hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, wakikutana njiani yeye hupisha hadi mzee apite. Wengi siku hizi wameacha, alisema, hasa wa mjini, lakini mtoto yule alilelewa vizuri, hajawahi kumkosea. Nami nilijua ameolewa na muuguzi wa Igogwe, nilijua mzee ni wa Kinyala, lakini ofisini tulimwita karani kwa jina la ukoo wa baba yake, na sikuwahi kuuliza mumewe ni mtoto wa nani.

"Na jina lako je, baba?" nikauliza.

"Jina langu hawezi kulitaja. Hata kitu kinachofanana nalo hukiita kwa neno lingine."

Nikamgeuzia kioo changu. Nikamwonyesha safu ya mafaili, na upande wa kushoto jina lake, chini yake jina lake, na chini yake tena, hadi mwisho. Aliinama akavaa miwani. Hakuwa amejua. Alilisoma moja moja kwa kidole, na niliona anafurahi. Kisha nikamwambia kwamba ili mtu aingie humo, sharti aliandike jina hilo, na kwamba nilimtaka karani aliandike tangu Jumanne.

Akavua miwani. "Akaliandika?"

"Hapana, baba. Hajagusa. Nimemshtaki kwa meneja, na kazi yake inaisha kesho saa sita."

Alitazama mlango wa nyuma. Nilingoja nitukanwe, na nilistahili. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeheshimiwa mahali asipokuwepo, na hasira, kama ilikuwepo, haikuwa kubwa kuliko hiyo.

"Liondoe," akasema.

Nikamwambia itakuwa kama kumfuta, na hiyo ni kazi yake ya miaka yote.

"Kazi yangu iko mabandani, mwanangu, inakula majani. Liondoe, mtoto afanye kazi."

Akachukua mwavuli na kofia, akatoka mlango wa mbele chai ikiwa bado inafuka. Nilidhani anakwenda nyumbani. Nilipochungulia dirishani nilimwona amesimama barazani kwa duka la pembejeo ng'ambo ya barabara, ametupa mgongo, ili ofisi iwe tupu na mkwewe aweze kurudi.

Nikaenda stoo. Karani alikuwa ameketi juu ya gunia la pumba, amezungukwa na kadi za zamani za ng'ombe, zile za karatasi ngumu zilizoliwa na mende pembeni. Kwenye daftari alikuwa ameandika kwa mkono familia zote za foleni, vijiji vyote, na mama wa kila mtamba. Kurasa nyingi, hati nzuri, mistari imenyooka. Kilichopungua ni madume, kwa sababu kadi za madume ziliharibika kwa maji zamani na habari zao zilikuwa kwenye seva tu. Huyu ndiye niliyeandika kwamba hajajaribu.

Nilimwambia kwamba mzee amenieleza. Aliinamisha macho, akasema aliogopa tungemcheka, watu wa kuja hatuelewi, na kwamba hata kusema sababu kungemlazimu amtaje. Alikuwa anangoja nipate namna ya kuifanya ifunguke kama zamani. Nikamwomba msamaha hapo hapo kati ya magunia, vibaya, kwa maneno mengi mno.

Kazi ya kurekebisha haikuzidi dakika kumi. Niliunda kundi kwenye seva, nikaliita kundi la ng'ombe, nikamwingiza karani, meneja na mimi. Mafaili yote nikayakabidhi kwa mradi badala ya mtu, nikaliruhusu kundi lisome na liandike, nikaweka alama kwenye folda ili kila faili jipya litakalozaliwa humo liwe la kundi tangu kuzaliwa. Hivyo ndivyo nilivyopaswa kufanya tangu Jumamosi. Safu ya kushoto ikabadilika yote, na jina la mzee halikuwepo tena. Kisha nikamwambia karani aingie kwa jina lake mwenyewe.

Aliliandika taratibu kwa vidole viwili. Mafaili yakafunguka. Alivuta daftari lake karibu, akaanza na madume ya Mpuguso. Kufikia jioni orodha ilikuwa imetoka kwenye printa, kurasa sita, na mitamba wawili alikuwa amewabadilishia vijiji kwa sababu ya undugu. Mzee alikuwa ameshaondoka barazani. Sikuona saa ngapi.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa meneja kuomba ripoti yangu. Orodha ilikuwa mezani kwake tangu kabla ya saa mbili. Alitoa ripoti kwenye droo, na chini yake niliona barua nyingine imeshapigwa chapa, ina jina la karani, haijasainiwa.

"Ulichoandika hapa ni uongo?" aliniuliza.

"Hapana. Kila neno ni kweli."

"Sasa nikurudishie kwa nini?"

Nikamwambia nilikuwa na ushahidi wote isipokuwa wa karani mwenyewe. Nikamweleza habari ya mzee na mkwewe. Alisikiliza hadi mwisho, akafikiri, akasema ripoti haitoki kwenye faili lake la kazi, kwa kuwa iliingia kihalali; ila niandike nyingine ya kuifuata, yenye urefu ule ule, na nakala moja apewe yeye karani. Niliandika mara tatu ndipo ikanyooka. Barua ile ya chini aliichana mbele yangu.

Jumamosi Mpuguso jua lilitoka, sijui kwa nini. Wakulima walikuja wamevaa nguo za kanisani, mitamba wamefungwa kwenye migomba, akina mama wa kikundi wakaimba. Karani alisoma orodha akiwa amesimama upande wa juu wa uwanja. Mzee alikuwa upande wa chini, nyuma ya watu, akikagua kwato. Kila jina lilipoitwa aliangalia mtamba anayetolewa, akatikisa kichwa kukubali. Sikumwona akikataa hata mmoja. Mama mmoja mjane alipokabidhiwa kamba alisema ndaga, ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, hadi sauti ikamkauka, nami nikajikuta napiga makofi kama vile ng'ombe ni wangu.

Jumatatu karani alipata bahasha mbili. Moja ilikuwa ya kuthibitishwa kazini. Aliisoma, akafumba macho kidogo, akaiweka kwenye mkoba. Ya pili ilikuwa nakala ya barua yangu. Hiyo aliisoma polepole zaidi, nami nikajifanya nina shughuli na seva.

"Kaka," akaniita. "Siku zote zile uliiuliza mashine habari zangu. Mimi nilikuwa nimekaa hapa hapa."

Alisema bila ukali, kama mtu anayekuonyesha kifungo kilichokatika kwenye shati lako. Nikavuta kiti changu hadi mezani kwake, nikaketi, nikamuuliza kama kuna jina jingine lolote ambalo nisije nikamtaka aliandike au alitaje humu ofisini, ili nijue mapema.

Akafikiri. Akasema yapo mawili, ya ndugu zake mzee, na wote wana ng'ombe wa mradi. Nikashika kalamu nikangoja. Akanitazama, akaanza kucheka, akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, na ndipo nami nikaelewa.

Jioni hiyo nilikwenda Igogwe kumuuliza mumewe majina hayo.